Jinsi Elimu ya Sheria Ilivyoanza Dar es Salaam

Mara nyingi mtu wa shamba asikiapo neno sheria hukumbuka mambo matatu tu: askari, hakimu na faini. Hatumlaumu, maana ndivyo sheria ilivyomjia yeye na babaye kabla yake. Lakini hakimu hakuzaliwa hakimu, wala wakili hakuteremka kutoka mbinguni na joho lake jeusi. Kila mmoja alifundishwa mahali fulani, na wale waliomfundisha walikuwa na shauri lao juu ya sheria: ni kitu gani, yatoka wapi, na ni mali ya nani. Kwa hiyo wasikilizaji wetu na wasomaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kiitwacho siku hizi Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza katika nyumba ya kuazima, tena kikiwa na watu wachache. Na mambo yaliyobishaniwa humo yalikuja kugusa mashamba ya watu wasiopata kuuona hata mlango wake.

Kwanza yatupasa kutazama nyuma. Waingereza walipopewa kuitawala Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya kwanza, walileta sheria zao. Amri ya mwaka 1920 ilisema kwamba sheria ya Uingereza, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920, itatumika nchini mahali ambapo hapana sheria nyingine iliyotungwa, na kwa kadiri hali ya nchi na ya watu wake inavyoruhusu. Sheria nyingine ziliazimwa kutoka India. Mfanya biashara wa Tabora aliyegombana na mwenzake juu ya mapatano ya bidhaa aliweza kuhukumiwa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1872 kwa ajili ya watu wa India, na sheria hiyo ilidumu Tanganyika mpaka mwaka 1961. Chini ya hizo zilikuwako mahakama za wenyeji, ambamo machifu, maliwali na majumbe waliamua kwa mila. Huko wakili hakuruhusiwa kusimama. Basi nchi moja ilikuwa na njia mbili za haki, na raia wengi walipita katika njia ile ambayo haikuwa na wakili.

Kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa wakili ilimpasa avuke bahari. Makerere palifundishwa utabibu, ualimu na kilimo, lakini sheria haikufundishwa. Wala Nairobi haikufundishwa. Waliokwenda walifika London, wakajiandikisha katika mojawapo ya vile vyama vinne vya kale vya mawakili. Huko, pamoja na kufanya mtihani, desturi ilimtaka mwanafunzi ale chakula cha jioni pamoja na wakubwa wa chama mara kadha wa kadha. Asipokula, muda wake hauhesabiwi. Msomaji asidhani twafanya mzaha, ndivyo ilivyokuwa. Gharama za safari, za karo na za hicho chakula zilikuwa kubwa, na serikali za kikoloni zilikuwa nyepesi kutoa msaada wa masomo kwa mtu wa utabibu au wa kilimo kuliko kwa mtu wa sheria. Walikuwa na sababu yao. Katika India na Afrika Magharibi walikwisha kuona jinsi mawakili wanavyogeuka kuwa viongozi wa siasa. Kwa ajili hiyo, Uhuru ulipokaribia, Waafrika wa Tanganyika waliokuwa mawakili waliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Nchi yenye kujitawala yahitaji mahakimu, majaji, watunga sheria na watu wa kuzisoma hati za mikataba na mataifa mengine. Watatoka wapi? Mwaka 1960 serikali ya Uingereza iliweka kamati chini ya Lord Denning, jaji mashuhuri wa huko, iangalie elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika. Mwaka uliofuata kamati ilitoa shauri kwamba Afrika Mashariki iwe na chuo chake cha sheria, na kwamba kiwekwe Dar es Salaam. Shauri hili liliwafaa watu wa Tanganyika, ambao walikuwa wakitafuta kuanzisha chuo chao cha elimu ya juu. Uganda walikuwa na Makerere, Kenya walikuwa na chuo chao cha Nairobi, na kwa kuwa hakuna kati ya hivyo viwili kilichofundisha sheria, Dar es Salaam ilianza na sheria. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba chuo kikuu kizima kilizaliwa kutokana na darasa moja la sheria. Mahali pengi pa dunia vyuo vikuu vilianza na dini, au na utabibu. Hapa palianza na sheria.

Haraka ilikuwa kubwa, majengo hayakuwapo. Chama cha TANU kilikuwa na jumba jipya katika mtaa uitwao leo Lumumba, nacho kikalitoa kwa ajili ya masomo. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, siku arobaini na tano kabla ya Uhuru. Wanafunzi hawakufika kumi na watano. Mkuu wa chuo alikuwa Cranford Pratt, mtu wa Kanada. Mkuu wa kitivo alikuwa A. B. Weston, na miongoni mwa walimu wa mwanzo walikuwako vijana wawili Waingereza, William Twining na Patrick McAuslan. Tunamwomba msomaji alishike jina hilo la McAuslan, maana tutalirudia. Kwanza chuo kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliingia pamoja na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kilihamia kilimani nje ya mji, mahali ambapo mpaka leo watu hupaita Mlimani. Tarehe 1 Julai, 1970, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kujitegemea. Nairobi na Makerere nazo zilikwisha kuanzisha masomo ya sheria kwa wakati huo. Lakini katika miaka ile ya kwanza kijana wa Kisumu, wa Gulu na wa Songea walikaa benchi moja.

Matunda ya benchi hilo twayajua. Joseph Warioba alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania tangu mwaka 1985 mpaka 1990. Augustino Ramadhani alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Benjamin Odoki Jaji Mkuu wa Uganda, Willy Mutunga Jaji Mkuu wa Kenya. Julie Manning, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea sheria hapo, alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Twaweza kuendelea, lakini orodha ya wakubwa huchosha upesi. Yafaa zaidi kueleza mwanafunzi wa sheria hujifunza nini hasa, maana wengi hudhani kwamba hukaa akikariri vifungu kama mtoto wa chuoni anavyokariri.

Kukariri kuna faida ndogo. Tufanye mfano. Ng'ombe wa Juma amevunja ua akala mahindi ya Mwanaidi. Mwanaidi adai malipo. Juma asema ua ulikuwa mbovu. Mwanafunzi hupewa hukumu za kale za mambo yanayofanana na haya, naye hutakiwa kutenganisha vitu vitatu: kwanza, mambo yaliyotokea, pili, swali ambalo mahakama ilipaswa kulijibu, tatu, ile sababu iliyomfanya jaji aamue hivyo. Sababu hiyo ndiyo mbegu, mengine yote ni maganda. Kisha mwalimu humgeuzia mambo. Kama ua ulivunjwa na mtoto wa Mwanaidi, je? Kama Juma alikwisha kuonywa mara mbili? Kama si ng'ombe bali ni nyani wa porini, asiye na mwenyewe? Mwanafunzi ambaye jana alijiona mwerevu leo hutoka jasho. Baadaye huingizwa katika mahakama ya mazoezi, mmoja husimama upande wa Juma na mwingine upande wa Mwanaidi, na mara nyingi mwalimu humpa kila mmoja upande asioupenda. Kazi hiyo ina maana, kwa sababu mtu asiyeweza kuieleza hoja ya adui yake vizuri hajaijua yake mwenyewe.

Taabu ilikuwa kwamba hukumu za kusoma zilikuwa nyingi za Uingereza. Ng'ombe wa vitabu hivyo walikuwa wa huko, na hata nyua zao. Kwa hiyo kitivo kilianza kukusanya habari za hapa. Tangu mwaka 1967 kilitoa vijitabu vya muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu ya Tanzania, vikasomwa na mahakimu waliokuwa mbali na maktaba yo yote. Na mwaka 1968 likatoka jarida la sheria la Afrika Mashariki. Walimu na wanafunzi walifanya pia kamati ya kuwasaidia watu maskini katika mashauri yao bila malipo. Kwa maoni yetu vile vijitabu vya muhtasari, ambavyo havikuwa na sura nzuri wala jalada la fahari, ni miongoni mwa kazi bora kilizofanya kitivo hiki.

Mambo hayakuwa matulivu daima. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuipinga sheria ya kuwalazimisha kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Mwaka uliofuata likatoka Azimio la Arusha, na Mlimani pakawa mahali pa mabishano makali. Wengine waliuliza: sheria tunayofundishwa ni ya nani? Je, mtu aweza kuijua sheria ya ardhi pasipo kujua nani ana ardhi na nani hana? Walimu kadhaa walikwisha kuanza kufundisha sheria pamoja na historia na uchumi, wakisema kwamba kuisoma sheria peke yake ni kama kuisoma jembe bila ya shamba. Miongoni mwa wanafunzi wa siku hizo alikuwamo Issa Shivji, aliyezaliwa Kilosa, ambaye alipata shahada yake mwaka 1970, kisha akawa mwalimu hapo hapo kwa miaka mingi.

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito kwa watu wa vijijini. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahamisha mamilioni ya watu wakae katika vijiji. Mashamba ya watu wengine yaligawiwa wengine, na maandishi ya sheria hayakufuatana na yale yaliyotendeka. Miaka kumi baadaye fujo ilianza: wenye mashamba ya zamani walirudi kudai, na wageni wenye fedha walitafuta mapori makubwa. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliweka Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, na mwenyekiti wake akawa Profesa Shivji wa Mlimani. Tume ilikwenda vijijini na mijini, ikafanya mikutano ya hadhara, ikasikiliza maelfu ya watu, ikamaliza kazi yake mwaka 1992. Shauri lake kubwa lilikuwa hili: ardhi ya kijiji isiwe mikononi mwa Rais, bali iwe mali ya kijiji chenyewe, chini ya mkutano mkuu wa wanakijiji wote.

Serikali haikulikubali shauri hilo. Mwaka 1995 ilitoa sera iliyosema kwamba ardhi yote itaendelea kuwa ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kisha ikatafutwa mtu wa kuandika sheria mpya, naye aliyepatikana ni Patrick McAuslan, yule kijana wa mwaka 1961, ambaye sasa alikuwa profesa mwenye sifa duniani kwa elimu ya sheria za ardhi. Basi mwalimu wa mwanzo wa kitivo na mtu aliyetoka katika kitivo hicho wakasimama pande mbili. Shivji alisema kwamba mswada ule umewaachia maofisa wa serikali nguvu nyingi mno juu ya ardhi ya wakulima. McAuslan naye alishikilia kwamba sheria ndefu yenye maelezo mengi ndiyo itakayowafunga mikono maofisa wasitende wapendavyo. Sisi twaona kwamba wote wawili walikuwa wakimtazama ofisa yule yule. Mmoja alitaka kumwondoa, mwingine alitaka kumwekea kamba. Wanawake wanasheria nao, wengi wao waliosomea Mlimani, walishikamana na wenzao wakadai haki ya mwanamke iandikwe waziwazi.

Matokeo yake ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwezi wa Mei 2001. Kwa sheria hiyo ya pili halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi pasipo kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mwanakijiji aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo ina nguvu. Haki ya mwanamke ya kupata na kushika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Tena kijiji huwa na baraza la ardhi la watu saba la kusuluhisha ugomvi, na watatu kati yao, kwa uchache, sharti wawe wanawake. Msomaji aliye mjumbe wa baraza la namna hiyo ajue kwamba kiti chake kina historia, na sehemu ya historia hiyo ilianzia katika jumba lile la mtaa wa Lumumba.

Jambo la haki ya mwanamke lilikwisha kuamuliwa mahakamani hata kabla ya sheria hiyo. Desturi za makabila yenye kufuata ukoo wa baba ziliandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963, na kwa desturi hizo mwanamke aliyerithi shamba la ukoo hakuweza kuliuza. Mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa babaye, ndugu wa ukoo wakamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba desturi hiyo yapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ya kuwa mwanamke na mwanamume wana haki moja katika kuuza. Hukumu hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria mbali sana na Mwanza.

Limebaki jambo la lugha, nalo limeleta taabu tangu siku ya kwanza. Mahakama za Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, lakini Mlimani sheria ilifundishwa kwa Kiingereza, na hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu alishitakiwa kwa lugha moja, akahukumiwa kwa lugha nyingine, akatafuta mtu wa kumweleza kama amefungwa au ameachiliwa. Weston mwenyewe aliliona neno hili mapema, akashughulika na kutafuta maneno ya sheria kwa Kiswahili katika miaka ile ya 1960. Kazi ilikuwa ngumu. Neno moja la Kiingereza lilihitaji maneno matatu ya Kiswahili, na mara nyingine neno moja la Kiswahili, kama vile haki, lilibeba maneno matatu ya Kiingereza. Miaka ilipita. Jaji Zephrine Galeba alipoandika hukumu kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu, Rais John Magufuli alimsifu hadharani, na mwezi wa Februari 2021 akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza chaweza kutumika pale inapolazimu. Lakini vitabu vya kufundishia bado ni vya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo penye kazi.

Mwanafunzi anayesoma habari hizi naye akatamani kuwa wakili, ajue kwamba shahada peke yake haitoshi. Kwa zaidi ya miaka thelathini Mlimani palikuwa mahali pekee pa kupata shahada ya sheria Tanzania. Leo vyuo vinavyoitoa ni vingi, na kila mwenye shahada atakaye kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mtihani wake si mwepesi. Mwaka 2022 yalitoka matokeo yaliyowashtua watu: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walishindwa kabisa. Wengine waliilaumu Taasisi, wengine waliwalaumu wanafunzi, wengine vyuo vilivyowapa shahada, na serikali ikaweka kamati kuchunguza. Sisi twaona kwamba chuo kikiongeza madarasa bila ya kuongeza walimu na vitabu, mtihani utakuja kusema kweli siku moja.

Na yule ambaye hana nia ya kuwa wakili, wala hana fedha ya kumlipa wakili, ajue kwamba mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kwa sheria hiyo wako wasaidizi wa kisheria waliofundishwa na kuandikishwa, nao hukaa karibu na watu katika wilaya zao. Hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini humweleza mtu haki yake, humwonyesha mahali pa kupeleka shauri lake, na humsaidia katika taratibu za kupata hati anazozihitaji. Wala haiwapasi kumtoza malipo.